Ukoga wa Mwenyekiti

Jumatatu, 3 Machi

Kioo kimekuwa kijani. Si kijani cha kupendeza. Ni kijani cha ndoo iliyosahaulika nje mwaka mzima. Mwenyekiti yumo ndani, najua yumo, kwa sababu mara mojamoja naona kitu cha rangi ya chungwa kikipita kama taa ya gari kwenye ukungu.

Mwenyekiti ni samaki. Yuko peke yake, mkubwa kama kiganja changu, umri miaka minane. Alinunuliwa na marehemu baba mkwe, aliyekuwa mwenyekiti wa kila kikao cha mtaa, na samaki akapewa cheo hichohicho. Picha ya marehemu iko ukutani karibu na dirisha, na masharubu yake yote, anatutazama tukila.

Mama mkwe, ambaye anaishi nasi, amekwenda kumwona dada yake, hii ni wiki ya tatu. Aliniachia tangi na neno moja tu: nimtunze kama yeye. Sikuuliza kama "yeye" ni samaki, ni mama mwenyewe au ni marehemu. Nimetunza kama wote watatu. Nikampa jua. Mtoto mchanga si huoteshwa jua la asubuhi, mifupa ikaze? Basi tangi nikalisogeza dirishani. Nikampa na chakula. Kingi. Hapo sikuwa na hiari.

Binti yangu ana mwaka na nusu, na hataki kula. Hafungui mdomo. Nimeimba, nimekuwa paka, nimekuwa ndege, baba yake amekuwa trekta. Wapi! Mpaka siku nilipodondosha chembe ya chakula majini. Mwenyekiti akapanda, akafungua mdomo. Mtoto naye akafungua. Mimi nikatia kijiko. Chembe, mdomo, mdomo, kijiko. Sahani ikaisha. Nilikaa chini jikoni nikalia kwa raha. Huyu samaki ni mlezi kunishinda, nasema bila wivu.

Sasa haonekani. Mtoto anakaa mbele ya kioo cha kijani, mdomo umefungwa, anasubiri. Leo kala vijiko vinne.

Jana alikuja wifi. Dada wa mume wangu ni mtu wa kutazamwa, lazima nikiri. Gauni limenyooka, nyusi zimenyooka, hata kochi letu akilikalia linajitahidi kunyooka. Naye ana tangi lake kwake, na sijapata kuona maji kama yale. Akaingiza kidole ndani ya tangi letu, akapitisha kwenye kioo, akakitazama. Akaniuliza, wifi yangu, umefuga samaki au umeotesha mboga? Akasema huo ni ukoga, niliondoe tangi dirishani na nipunguze chakula. Halafu, taratibu, kama mtu anayeongelea hali ya hewa, akasema mama akirudi Jumapili wataongea, maana kwake kuna nafasi na utulivu, Mwenyekiti atafurahi.

Ushauri wake sikuushika. Mtu anayelitaka tangi lako atakupa ushauri wa kweli ili apate nini?

Nina siku sita. Mwenyekiti akihama, mtoto wangu hali. Kwa hiyo hahami.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata! Nimepata nikiwa nimeshika bomba la kufyonza mate!

Neno lenyewe. Ukoga! Nalisikia kazini mara hamsini kwa siku. Mimi ni msaidizi wa Daktari wa meno. Namshikia taa, nampa vifaa, nafyonza mate, nawashika watu mkono wakianza kuomba msamaha kwa makosa ambayo hawajaulizwa. Na Daktari ni adui mkubwa wa ukoga. Ana mikono mikubwa kama ya mwashi, lakini ikiingia mdomoni mwa mtu inakuwa myepesi kama inashika yai. Nimekaa naye miaka sita na bado huwa nasahau kusogeza taa kwa kumtazama.

Ukoga ni ukoga. Uwe kwenye jino, uwe kwenye kioo.

Tatizo: Daktari hataki mambo ya nyumbani kazini. Fundi wa viti alipomletea habari za mbuzi wake alitolewa nje na mbuzi wake wa maneno. Kwa hiyo nikamwambia nina mgonjwa. Mzee mmoja nyumbani kwetu, ana ukoga mbaya. Akauliza una rangi gani. Nikasema kijani. Daktari akaacha kunawa mikono.

Masharti yake: mswaki laini, asubuhi na jioni. Mizunguko midogomidogo. Usikandamize. Uanzie pale jino linapotoka kwenye fizi. Halafu asukutue kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, na ateme.

Jioni nimepiga mswaki kuta zote nne. Mwenyekiti alinifuata ukuta hadi ukuta kama mkaguzi wa majengo. Hakunishtukia hata kidogo. Kiumbe mtulivu! Chumvi nimetia, kidogo sana. Uvuguvugu nimeuacha. Sijawa mwendawazimu. Samaki kwenye maji ya moto ni mchuzi.

Kutema ndiko kulikonisumbua. Tangi linatemaje? Nimefikiri nikiwa nakunja nguo, nimefikiri nikiwa nambadilisha mtoto. Jibu: jagi. Nimechota nusu ya maji, yametoka mazito na ya kijani, nikajaza mengine ya kwenye ndoo yaliyolala tangu jana. Baba mtoto akapita na kuniuliza nafanya nini. Nikamjibu samaki anatema. Akaendelea na safari yake. Ndiyo maana nampenda.

Jumatano, 5 Machi

Asubuhi kioo cha juu kinapendeza! Cha chini bado. Pale changarawe zinapokutana na kioo, ukoga umegoma.

Nimemweleza Daktari. Akasema huo umeshakuwa mgumu, umegeuka jiwe, mswaki hauutoi. Lazima ukwanguliwe kwa chuma. Akainua kidole. Mgonjwa asijaribu mwenyewe! Ni kazi ya mtaalamu peke yake.

Mimi ni nani? Miaka sita namkabidhi vile vichuma, nikiwa nimefumba macho naweza kutaja kipi ni kipi. Ninacho kimoja nyumbani, kilichostaafu, huwa nazibulia matundu ya jiko.

Nimekwangua chini kote. Ukoga umetoka vipande vipande, jambo la kufurahisha sana, sijui kwa nini watu hulipwa kufanya kazi hii badala ya kulipa. Nikapata kiburi. Nikapanda juu. Hapo mtoto akanivuta sketi.

Krrrr.

Mkwaruzo. Katikati ya kioo cha mbele! Si mmoja, ni miwili, imepinda huku na huku, imekutana katikati. Kama masharubu. Nimeisugua kwa kitambaa, kwa kidole, kwa mate. Haitoki. Mwenyekiti akaja kuangalia, akasimama nyuma yake, akawa samaki mwenye masharubu.

Mtoto akacheka mpaka akakaa chini. Vijiko tisa! Lakini mama mkwe ataona. Anaona kijiko kilichohamishwa droo, ataacha kuona masharubu?

Alhamisi, 6 Machi

Daktari sasa anauliza mwenyewe. Nilipoingia tu: mgonjwa wetu vipi? "Wetu"! Mtu mwenye foleni ya watu kumi na wanne nje, amemkumbuka mzee asiyemjua. Nilitamani kumwambia ukweli. Nikampa glavu.

Akachukua kalamu. Anakula mara ngapi kwa siku? Nikahesabu kwa uaminifu. Uji wa asubuhi, mara ya kwanza. Saa nne, tunda. Mchana mara mbili, kwa sababu ya kwanza mtoto huwa anatema. Saa kumi. Jioni. Halafu ile ya kumbembeleza alale. Nikasema mara saba.

Kalamu ikasimama. Mara saba? Na mabaki yanabaki humohumo? Nikasema humohumo. Akaniambia kwa upole, upole wa kutisha, kwamba hapo ndipo ulipo mzizi wa mambo. Mara moja kwa siku, mbili zikizidi sana, na katikati pasiingie kitu.

Akauliza tena, analala vizuri? Nikasema hafungi macho. Hata kidogo? Hajawahi kufunga. Na mdomo? Unafunguka na kufunga siku nzima. Daktari akavua miwani. Akasema huyu mzee amechoka. Awekwe kwenye giza, mapazia yashushwe, apumzike siku kadhaa.

Nimerudi nyumbani nikachukua shuka la kitanda, lile zito la bluu, nikalikunja mara mbili, nikafunika tangi lote. Baba mtoto alirudi kutoka kazini, akaona, akavua kofia. Akauliza kwa sauti ya chini ilikuwa saa ngapi. Nikamwambia hajafa, amepumzika. Akasema hata kuhusu marehemu baba walisema hivyohivyo.

Ijumaa, 7 Machi

Mtoto amelipiga shuka ngumi. Ana haki. Nimekubaliana naye kwa maneno machache: nainua pembe moja, anachungulia, anakula, nashusha. Mara tatu tu. Alilia, sikurudi nyuma. Nilimfuta pua na nikainua pembe kwa saa yake.

Na jambo la ajabu! Leo sikudondosha chembe mchana, masharti ya Daktari, lakini Mwenyekiti alifungua mdomo vilevile. Akafungua, akafunga, akafungua. Bure! Mtoto akafuata. Moyo mkubwa ulioje! Kufanya kazi bila malipo na hata hakununa.

Kazini, balaa. Daktari amesema nimlete mgonjwa kesho. Nikasema hatembei. Hatembei? Hajawahi kutembea. Daktari akavua glavu. Akatazama nje. Akasema kwa kuwa nimemshikia taa miaka sita na sijawahi kumwomba lolote, basi Jumapili saa nne atakuja nyumbani mwenyewe na mkoba wake.

Nikasema asante.

Jioni ujumbe wa mama mkwe. Anafika Jumapili. Wifi atampokea na kumleta kwa gari. Saa nne.

Jumamosi, 8 Machi

Mpango wa kwanza: kumwambia Daktari mzee amesafiri. Nilimkuta tayari anachemsha vifaa vidogo, vile anavyotumia kwa watu waoga, anavipanga kwenye kitambaa kimoja kimoja. Nikamshikia kitambaa. Tena anasafirije asiyetembea?

Mpango wa pili: kumwazima mzee. Jirani yetu, tunamwita Mzee Redio kwa sababu redio yake haizimwi, ni mtu mwema na anapenda wageni. Nikaenda, nikamsalimia shikamoo, nikamwomba kesho saa nne akae kwenye kochi letu asitembee. Akakubali kabla sijamaliza. Nikamwuliza kama ana ukoga. Akacheka. Ndipo nikaona. Hana jino hata moja.

Mpango wa tatu: sina. Nimefagia, nimepiga deki, nimemwogesha mtoto. Shuka sijalifunua. Naogopa. Ikiwa chini yake bado kuna kijani, wifi ataondoka na tangi mchana, na Daktari ataondoka na heshima yangu palepale.

Jumapili, 9 Machi

Naandika mtoto akiwa amelala mchana.

Saa nne kamili, gari. Wifi ameshuka akiwa na gauni jeupe (jeupe! safarini!) na ndoo yenye mfuniko, ya kubebea samaki. Mama mkwe akaingia, akanikumbatia, akambeba mtoto, akageukia dirishani. Akaliona shuka. Akaweka mkono kifuani. Akauliza, mwanangu, amekufa lini?

Hodi. Daktari! Amevua viatu mlangoni, mkoba mkononi. Akawaamkia wote vizuri, halafu akauliza yuko wapi yule mzee asiyetembea, asiyefumba macho.

Mama mkwe akanitazama. Wifi akainua unyusi mmoja. Baba mtoto akakumbuka kuwa kuna kitu jikoni. Nikashika shuka nikalivuta.

Jamani.

Kioo hakikuwepo! Yaani kilikuwepo, lakini ilikuwa kama hakipo. Maji kama hewa. Changarawe unaweza kuzihesabu. Na katikati Mwenyekiti, rangi ya chungwa inawaka, mapezi yameshuka kama kanzu ya mtu anayejua anatazamwa. Akageuka. Akamtazama Daktari. Akafungua mdomo.

Na Daktari, kwa mazoea ya maisha yake yote, akainama akachungulia ndani.

Daktari akabaki vile, ameinama. Akaniuliza taratibu, bila kugeuka: kijani? Nikasema ndiyo, Daktari. Mara saba kwa siku? Ndiyo. Na mswaki ulimpiga, mizunguko midogo? Asubuhi na jioni, Daktari. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani ni hasira. Aliponyanyuka alikuwa anajifuta machozi kwa kile kitambaa cha vifaa. Akasema tangu aanze kazi, wagonjwa wote humwahidi na wote humdanganya. Huyu ndiye mgonjwa wa kwanza aliyefuata masharti yote.

Wifi akanong'ona, ni daktari wa samaki? Nikasema ni Daktari. Sikuongeza. Mama mkwe akanishika mkono. Eti nimemwitia Mwenyekiti daktari, siku ya mapumziko, nyumbani? Na hapo ndipo samaki alipopita nyuma ya mkwaruzo.

Akasimama. Masharubu yakakaa pale pale yanapotakiwa.

Mama mkwe akatazama tangi. Akatazama picha ukutani. Akatazama tangi. Mimi nikafumba macho. Nikasikia kicheko, kirefu, ambacho sijakisikia kwake tangu msiba. Akasema, "Tazameni mzee alivyojirudia! Na bado anataka kuhutubia!" Akacheka, akalia kidogo, akavuta kiti akakaa mbele ya tangi. Akasema halihami. Atakayelihamisha amhamishe na yeye.

Wifi akaiweka ndoo chini. Akasogea, akakagua pembe zote nne, mtu wa haki. Akaniambia, wifi yangu, umeniweza. Akauliza nimelifunika siku ngapi. Nikasema tatu. Akatikisa kichwa kwa heshima: hivyohivyo hufanya yeye, giza na chakula kidogo, wengi hawajui. Nami nikatikisa kichwa kama mtu anayejua. Maskini, hajui habari ya chumvi. Siri yote iko kwenye chumvi.

Ikafika saa ya mtoto kula. Mwenyekiti akafungua, mtoto akafungua. Kijiko. Daktari alikuwa anafunga mkoba. Akaacha. Akapiga goti kando yangu, akatazama mdomo wa binti yangu mpaka nyuma, akahesabu meno yote, hakuna kilio. Akanionyesha kidole chake cha shahada, makovu matatu, yote ya kung'atwa na watoto. Akaondoka, ila alirudi mara mbili mlangoni kutazama.

Mtoto amemaliza sahani. Nimebusu kioo.

Jumatano, 26 Machi

Tumefungua tangi kazini! Daktari amelinunua mwenyewe, kubwa, la chumba cha watoto. Samaki anaitwa Katibu. Na msimamizi ni mimi. Mbele ya wagonjwa wote Daktari alisema nimchagulie mahali, kwa kuwa mimi ndiye mtaalamu. Mtaalamu! Mtu kama yule!

Wifi alileta zawadi ya changarawe nyeupe, alizoziosha mwenyewe, ni mtu wa ajabu kweli. Akaniomba sana nisiliweke kwenye mwanga na nimpe Katibu chembe mara moja tu kwa siku. Nilimshukuru. Roho yake ni nzuri, lakini mambo haya yanahitaji uzoefu.

Nimeliweka dirishani. Jua lote la asubuhi! Na watoto wakija, utaratibu ni uleule: chembe, Katibu anafungua, mtoto anafungua, Daktari anaingia. Leo watoto kumi na wawili, chembe kumi na mbili, hakuna kidole kilichoumwa. Wengine wasingependa kumlisha sana, lakini mimi siwezi kumfanyisha mtu kazi kwa njaa.

Kabla ya kufunga, Daktari amegusa kioo pembeni, ameuliza hiki kijani kidogo ni nini.

Nimemwambia ni afya.